Chai ya Kupunguza Tumbo kwa Mwenye Bulimia: Tathmini ya Mfamasia

Chai ninayoitathmini hapa inapatikana karibu kila mahali: kwenye maduka ya vipodozi ya Kariakoo, kwenye kurasa za Instagram za wauzaji wanaopeleka mzigo kwa bodaboda, na hata kwenye baadhi ya maduka ya dawa, ambako hupangwa kaunta jirani na pipi za kikohozi. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa chapa zake ni nyingi na zinafanana kwa kila kitu isipokuwa picha ya kiuno iliyochapwa kwenye boksi. Niliyoinunua ina vifuko vidogo vya kuchovya kwenye maji ya moto, maelekezo ya kunywa kikombe kimoja kila usiku kwa siku 28, na ahadi tatu, yaani kupunguza tumbo, kusafisha utumbo na kutoa sumu mwilini. Ninaandika kama mfamasia, na ninawaandikia hasa wanunuzi ambao boksi haliwataji lakini muuzaji makini huwatambua baada ya muda, nao ni watu wanaoishi na bulimia, ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujaribu kukifuta chakula hicho, ambao kwao chai hii si kinywaji cha kujaribu bali ni sehemu ya ugonjwa.

Nianze na vilivyomo. Upande wa mbele boksi linataja chai ya kijani, tangawizi na jani la yungiyungi, viungo ambavyo havina ubaya na ambavyo, kwa kiasi kinachoweza kuingia kwenye kifuko kimoja, havina pia kazi kubwa. Kiungo kinachofanya kazi kimeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo na kwa jina la Kilatini, Cassia angustifolia, ambalo mnunuzi wa kawaida hana sababu ya kulijua. Hiyo ni sanamaki, dawa ile ile ambayo wazee wa pwani wameitumia kwa vizazi kumfungua mtu aliyekosa choo, na ambayo majani yake makavu bado yanauzwa kwenye maduka ya dawa za asili ya Unguja na Mombasa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya boksi hili. Tofauti ni kwamba wazee hao waliiita dawa, wakaipima kama dawa, na hawakumpa mtu kila usiku kwa mwezi mzima.

Kama haluli, yaani dawa ya kumfungua mtu choo, chai hii haina udanganyifu. Kemikali za sanamaki zinazoitwa senosaidi hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kufyonzwa, zikafika kwenye utumbo mpana, na huko bakteria wanaoishi humo huzivunja na kuzigeuza kuwa kitu kinachousisimua ukuta wa utumbo ujikaze na kinachouzuia usifyonze maji. Kwa sababu ya safari hiyo ndefu matokeo huja baada ya saa 6 hadi 12, na ndiyo maana maelekezo yanasema inywewe usiku. Asubuhi mnywaji huamka na msokoto wa tumbo, kisha choo laini au cha majimaji. Ladha yake ni chungu, na tangawizi haikufaulu kuuficha uchungu huo. Mtu mzima aliyefunga choo safarini, akainywa usiku mmoja au miwili, atakuwa amepata alichokilipia, ingawa angekipata kwa gharama ndogo zaidi kwa vidonge vya sanamaki, ambavyo angalau hueleza kila kidonge kina miligramu ngapi. Kifuko cha chai hakielezi hilo. Nguvu yake hutegemea majani yaliyomo na muda yaliokaa kwenye maji, kwa hiyo kikombe cha leo kinaweza kuwa chepesi na cha kesho kikawa kikali, kutoka boksi lile lile. Sanamaki haipaswi kutumiwa mfululizo zaidi ya wiki moja hivi bila ushauri wa daktari, ilhali boksi linashauri wiki 4 na, kwenye karatasi iliyomo ndani, linamwalika mteja aanze duru ya pili.

Ahadi ya kupunguza uzito ndipo bidhaa inapoanguka, na inaanguka kwa sababu ya mpangilio wa mwili wenyewe. Wanga, mafuta na protini humeng'enywa na kufyonzwa karibu vyote kwenye utumbo mwembamba. Sanamaki huanza kazi baada ya hapo, kwenye utumbo mpana, ambao kazi yake kuu ni kuyarudisha mwilini maji na chumvichumvi. Kinachotoka asubuhi, basi, ni maji, chumvichumvi na mabaki ambayo mwili ulikuwa umekwisha kuyakataa, wakati nguvu ya chakula cha jana imeshaingia kwenye damu tangu jana. Mizani itaonyesha upungufu na tumbo litaonekana limelala, lakini mnywaji akirudisha maji aliyoyapoteza, upungufu huo hutoweka. Kuhusu sumu sina maneno mengi: ini na figo ndivyo vinavyoshughulika na kazi hiyo, na boksi halisemi ni sumu gani inayotolewa wala hupimwaje.

Kwa mtu mwenye bulimia ahadi hiyo isiyo ya kweli huleta madhara makubwa zaidi. Bulimia ni ugonjwa wa akili wenye majeraha ya mwili, ambao daktari Gerald Russell wa London aliuandika rasmi kama ugonjwa wa pekee mwaka 1979. Mtu hula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku akihisi kwamba hawezi kujizuia, kisha kwa hofu na aibu hujaribu kukifuta alichokila, kwa kujitapisha, kwa haluli, kwa kujinyima chakula au kwa mazoezi ya kupindukia. Vigezo vya madaktari wa akili wa Marekani vilivyotolewa mwaka 2013 vinataka hali hiyo iwe imetokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, lakini utumbo haungoji vigezo vitimie ndipo uumie. Wagonjwa wengi wana uzito wa kawaida, na hilo ndilo linaloufanya ugonjwa ukae ndani ya nyumba kwa miaka bila kuonekana. Mama anaona binti yake ana mwili wake na anakula vizuri. Akimsikia anatapika bafuni, wazo la kwanza ni mimba na la pili ni vidonda vya tumbo. Matokeo yake ni kwamba wengi hufika dukani wakiomba omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa mara ya nne au ya tano, wakiwa wameshapimwa na kutibiwa bakteria wa tumbo, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanakula namna gani. Wanaume nao wamo, na hao huulizwa kwa nadra zaidi.

Ni lazima kueleza hali ya mfumo wa chakula wa mtu huyo kabla chai haijafika, kwa sababu bulimia inayoambatana na kutapika huumiza kuanzia juu, na chai hii huja kuumiza upande wa chini. Asidi ya tumbo ina pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi, ya kati ya 1 na 2, na gamba gumu la nje la jino huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi. Meno yanayoathirika zaidi ni ya juu, kwa upande wa ndani unaoelekea ulimi, mahali ambapo mwenyewe haoni akijitazama kwenye kioo. Daktari wa meno huona, na mara nyingine yeye ndiye mtu wa kwanza kuutambua ugonjwa. Gamba hilo likiisha halioti tena. Kupiga mswaki mara baada ya kutapika, jambo ambalo wengi hulifanya ili kuondoa harufu, huongeza hasara kwa kuwa mswaki hulisugua gamba lililokwisha kulainishwa na asidi. Kusukutua kwa maji ni afadhali. Pamoja na meno, tezi za mate zilizo mashavuni huvimba bila maumivu, na uvimbe huo huonekana zaidi siku chache baada ya mtu kuacha kutapika. Uso unakuwa mpana upande wa taya, mgonjwa anajitazama na kuamini kwamba amenenepa, naye anaagiza boksi jingine.

Umio, njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, hauna kinga ya kustahimili asidi kama ukuta wa tumbo ulivyo nayo. Kwa hiyo mgonjwa hupata kiungulia, sauti ya kukwaruza, maumivu wakati wa kumeza, na wakati mwingine chakula kupanda chenyewe hata asipotaka kutapika. Msukumo wa kutapika unaweza pia kuchana utando wa ndani mahali umio unapoungana na tumbo. Michano hiyo ilielezwa na madaktari Mallory na Weiss wa Boston mwaka 1929, na dalili yake ni damu kwenye matapishi. Mara chache sana umio hupasuka kabisa, na hiyo ni hatari ya kifo. Tukio mashuhuri la aina hiyo liliandikwa mwaka 1724 na daktari Mholanzi Herman Boerhaave, akieleza kifo cha mkuu wa jeshi la majini la Uholanzi ambaye alikuwa na desturi ya kunywa dawa ya kutapisha baada ya karamu. Karne 3 zimepita, na bidhaa ya kujisafisha baada ya karamu bado ina soko, safari hii ikiwa na usafirishaji wa bure kwa anayenunua boksi mbili.

Tumbo lenyewe huchelewa kukitoa chakula kwenda utumboni, hasa kwa wanaopishanisha kula kupita kiasi na kujinyima. Mgonjwa anapojaribu kula mlo wa kawaida, wali na maharage ya mtu mmoja, hujihisi ameshiba hadi kooni, tumbo limejaa gesi na linauma, na hisia hiyo humwaminisha kwamba amekula kupita kiasi hata kama hajafanya hivyo. Kupanuka kwa ghafla kwa tumbo baada ya kula chakula kingi mno ni jambo la nadra, lakini likitokea ni dharura ya upasuaji, si ya vidonge vya gesi.

Huo ndio mwili unaopokea kikombe cha usiku. Siku za mwanzo chai hufanya kazi kama ilivyoelezwa, kisha mwili huizoea, na kinachofuata ninakijua kutokana na namna wateja wanavyorudi dukani: kwanza mara moja kwa mwezi, halafu kila wiki, halafu kwa kumtuma mdogo wake. Utumbo mpana uliomwagwa wote hauna kitu cha kutoa kwa siku mbili tatu zinazofuata, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, lakini mnywaji hulihesabu kuwa amefunga choo na hunywa tena. Hapo mzunguko unajifunga. Kuharisha kwa mara kwa mara na kujikamua huleta bawasiri, na kwa baadhi ya watu puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, hulegea na kutokeza nje. Daktari akiingiza kamera kwenye utumbo mpana wa mtu aliyetumia sanamaki kwa miezi mingi anaweza kukuta ukuta wake umebadilika rangi kuwa kahawia au karibu na weusi. Mabadiliko hayo yenyewe hayana madhara yanayojulikana na hufifia taratibu baada ya kuacha, lakini humweleza daktari kile ambacho mgonjwa hakukisema.

Hapa ninapaswa kuwa mwangalifu. Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba haluli za jamii hii huua neva za utumbo mpana, na maneno hayo bado yanarudiwa na watu wenye nia njema wanaotaka kuwaogopesha vijana. Ushahidi uliopo kuhusu sanamaki hauungi mkono kauli hiyo kwa uzito huo, nami sioni faida ya kuogopesha kwa jambo lisilothibitika, kwa sababu mgonjwa aliyeambiwa kwamba utumbo wake umekufa haoni tena sababu ya kuacha. Utumbo mvivu wa mtu aliyezoea haluli kwa kawaida hurudi kufanya kazi, ingawa unahitaji wiki kadhaa, na wakati mwingine zaidi.

Hatari inayonifanya niiondoe chai hii kwenye rafu ni nyingine, na haionekani kwenye choo wala kwenye kioo. Kiwango cha kawaida cha potasiamu, mojawapo ya chumvichumvi za mwili, kwenye damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita, na moyo hauvumilii kutoka nje ya mipaka hiyo. Kuharisha hutoa potasiamu moja kwa moja kwenye kinyesi. Kutapika huitoa kwa njia ya kuzunguka, kwa kuwa mwili uliopungukiwa maji huziamuru figo zishike chumvi, na figo hulipa kwa kuitupa potasiamu kwenye mkojo. Mwenye bulimia anayetapika na kunywa sanamaki hupoteza kwa njia zote mbili, na akiongeza vidonge vya kukojoza, ambavyo wengine huvinunua kwa lengo lile lile, anapoteza kwa njia ya tatu. Misuli hulegea, mikono hufa ganzi, mapigo ya moyo huparaganyika, na utumbo, ambao nao ni msuli, hupunguza mwendo, kiasi kwamba dawa iliyonunuliwa kuufungua ndiyo inayoufunga. Mtu anaweza kuwa na potasiamu iliyoshuka vibaya huku anatembea na kwenda kazini, mpaka moyo utakaposimama ghafla. Madafu yana potasiamu, na wauzaji wa chai hii hupenda kuyataja, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya kipimo cha damu na kipimo cha umeme wa moyo.

Kuna jambo dogo ambalo boksi lingepaswa kulitaja kwa haki ya wateja wake, ambao wengi ni wanawake vijana. Kidonge cha uzazi wa mpango kikitapikwa ndani ya saa 3 tangu kumezwa huhesabiwa kama hakikumezwa, na kuharisha sana kwa zaidi ya siku moja nako huweza kuipunguza kinga yake.

Kuacha nako kuna ugumu wake, na hili ndilo eneo ambalo maelekezo ya bidhaa yamekaa kimya kabisa. Mwili uliozoea kupoteza maji huwa umepandisha homoni za kushika chumvi, na homoni hizo hazishuki siku ile ile mtu anapoacha. Kwa muda unaoweza kufika wiki mbili au tatu miguu inaweza kuvimba, uso ukajaa na mizani ikapanda haraka. Hayo ni maji, wala si mafuta, na yatatoka yenyewe. Lakini mtu asiyeonywa huona kwamba hofu yake yote imetimia, naye hurudi kwenye chai. Mgonjwa aliyeelezwa mapema kwamba atavimba, kwamba atafunga choo na kwamba vyote viwili vitapita, ana nafasi kubwa zaidi ya kuvuka wiki hizo. Aliyekuwa akitumia haluli nyingi asiache peke yake nyumbani. Apimwe potasiamu kwanza, na daktari amchagulie njia ya kulainisha choo isiyousukuma utumbo kwa nguvu, pamoja na maji, matunda, mboga na milo inayoliwa kwa saa zisizobadilika.

Kuhusu sheria, chai hii imepata mahali pazuri pa kujificha. Tangu mwaka 2019, kazi ya kusimamia vyakula na vipodozi Tanzania ilihamishiwa Shirika la Viwango, na iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa ikabaki na dawa na vifaa tiba. Mgawanyo huo una mantiki yake, lakini kitu chenye dawa ndani na neno chai nje kinaweza kupita katikati. Uingereza ilichukua mkondo mwingine: mwaka 2020 ilipunguza ukubwa wa pakiti za haluli za kusisimua utumbo, sanamaki ikiwemo, zinazouzwa kwenye maduka ya kawaida, ikataka zilengwe kwa watu wa miaka 18 na kuendelea, na ikaagiza maonyo yaeleze wazi kwamba hazisaidii kupunguza uzito. Onyo kama hilo, kwa Kiswahili, upande wa mbele, lingetosha kwangu kuanza nalo. Jina sanamaki badala ya Kilatini lingefuata.

Kwa aliyefunga choo, chai hii ninaipa alama ya wastani, kwa kuwa inafanya kazi lakini ni ghali na haipimiki. Kwa anayetaka kupungua sina alama ya kuipa. Kwa mwenye bulimia ninaishauri isinunuliwe kabisa, na wenzangu wa maduka ya dawa muhimu ninawaomba waiondoe kaunta na wamuulize anayeirudia mara kwa mara, kwa faragha na bila kumkemea, kama huwa anatapika baada ya kula. Jibu likiwa ndiyo, asiuziwe kitu kingine badala yake. Aelekezwe hospitali inayoweza kumpima damu na yenye idara ya afya ya akili, kwa mfano Muhimbili kwa mkazi wa Dar es Salaam. Tiba ipo. Ya kwanza ni mazungumzo ya kitaalamu yanayolenga mawazo na tabia za kula, na ipo dawa ya fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani kwa bulimia tangu mwaka 1996 kwa dozi ya miligramu 60 kwa siku, ambayo huandikwa na daktari na haipaswi kuanzishwa kaunta. Mgonjwa amweleze daktari kuhusu chai na kutapika hata kama amekwenda kwa ajili ya tumbo tu, na akifika kwa daktari wa meno afanye vivyo hivyo. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, maumivu makali ya kifua au ya tumbo, moyo kwenda mbio bila mpangilio au kuzirai, asisubiri siku ya kliniki; apelekwe idara ya dharura saa ile ile.